Watu Watatu Chini ya Nyayo za Mfalme

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisikilize taratibu. Mimi nitasimulia tu. Kazi ya kuamua nitawaachia ninyi.

Zamani za kale, katika nchi ya Wanubi, juu ya maporomoko ya Mto Nili, walikuwapo watu watatu wa kijiji kimoja. Wakati huo wafalme wakuu wa Misri walikuwa wamekwisha kuwa mavumbi miaka mingi, na watu wa nchi ile walikuwa wakimwomba Mungu kanisani, wakifunga na kusali kama walivyofundishwa. Watu hao watatu hawakuwa matajiri wala wasomi. Lakini Mungu hamnyimi mja wake kila kitu, na kila mmoja alikuwa amepewa lake.

Mena alikuwa mchongaji, na kipaji chake kilikuwa kuijua mikono. Ukimpa mwiko uliochongwa na mtu asiyemjua, aliugeuzageuza, akapitisha kidole, kisha akasema, "Huyu alitumia mkono wa kushoto, na patasi yake ilikuwa butu." Ukienda kuuliza, ukakuta ni kweli.

Tapara alikuwa msokota kamba, kama baba yake na babu yake. Kipaji chake kilikuwa kuyajua mafundo. Akiona mzigo umefungwa juu ya punda, alikwambia umetoka kijiji gani na aliyeufunga alikuwa na haraka kiasi gani.

Kapopi alikuwa msusi, mjane, na kipaji chake kilikuwa kuvijua vichwa. Alisuka wanawake na wanaume. Kama wasusi wote, yeye alikaa kwenye kiti na mteja akakaa chini, kati ya magoti yake, akimpa kisogo. Kwa hiyo watu walimpita sokoni asiwatambue kwa uso, lakini wakishampita huwaita kwa majina. "Nyuso zenu nazisahau," alikuwa akisema, "visogo sivisahau." Watu wakacheka.

Hayo ni ya zamani. Mwaka huu ninaousimulia Kapopi hakuwa akichekesha mtu.

Katika nchi ile palikuwa na desturi. Nyumba ikifiwa, wanaume wa nyumba hiyo husukwa nywele zote isipokuwa kishungi kimoja nyuma ya sikio la kushoto. Hicho huachwa wazi mpaka siku arobaini za msiba zitimie. Kila mwaka watumishi wa mfalme walipita vijijini kuchukua vijana wa kukata mawe kwenye machimbo ya jangwani, lakini mwenye kishungi wazi hawakumgusa. Huyo alikuwa wa marehemu wake, na baada ya marehemu alikuwa wa Mungu.

Mume wa Kapopi alipokufa, Kapopi alimsuka mwanawe Mikaili na kumwachia kishungi. Siku ya thelathini na tatu ikawa harusi ya binti wa dada yake. Mikaili alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye shingo nzuri, na huko harusini kulikuwa na wasichana. Kapopi akamtazama, akaona kile kishungi kinamharibia umbo. Akamwita, akamkalisha kati ya magoti yake.

"Mama, bado siku saba," Mikaili alisema.

"Baba yako hatakasirika kwa siku saba. Inamisha kichwa."

Akakifunga. Harusi ilikuwa Jumapili. Jumanne watumishi wa mfalme wakaja, wakatazama nyuma ya sikio la Mikaili, wakamchukua. Walimfunga kwa kamba ya Tapara, kwa maana kamba zote za mfalme upande ule zilisokotwa nyumbani kwa Tapara, na Tapara mwenyewe ndiye aliyeitwa kufunga. Mikaili alipoona mama yake analia, alimwambia, "Mama, haichomi." Hilo ndilo neno lake la mwisho masikioni mwa mama yake. Mwezi wa pili jabali lilimwangukia huko machimboni, na kwa vile njia ni ndefu na jua ni kali, wakamzika hukohuko.

Kijijini walidhani siku arobaini zilikuwa zimetimia. Nani angehesabu msiba wa jirani? Kapopi hakumwambia mtu. Kwa kasisi aliungama kwamba alimkasirikia dada yake, kwamba alisinzia kwenye sala. Lile moja hakulisema. Alichimba kaburi tupu ubavuni mwa mumewe, akaliacha wazi, akalifunika kwa mkeka, na kila Jumapili akaenda kuufagia ule mkeka.

Sasa ikatokea kwamba watu waliokuwa wakichimba udongo mweusi wa mbolea kwenye magofu ya kale waligonga sanduku. Ndani yake mlikuwa na kigoda cha kuwekea miguu, cha mpingo mtupu. Pembeni kilizungushiwa maandishi ya ndege na macho, maandishi ya wafalme wa kale, ambayo hakuna tena aliyeweza kuyasoma. Juu yake, pale nyayo zinapokaa, walichongwa wanaume watatu wamelala kifudifudi, vichwa vimegeuzwa upande, viwiko vimefungwa nyuma ya migongo.

Wakampelekea mfalme. Mfalme akafurahi sana. Wageni kutoka nchi nyingine walikuwa wanakuja Pasaka, naye akaona itapendeza wakimkuta amekaa hivyo, nyayo zake juu ya migongo ya watu. Lakini alitaka mpiga mbiu atangaze ni watu gani anaowakanyaga. Wazee wa baraza wakatazama. Mmoja akasema ni watu wa baharini, mwingine akasema ni watu wa jangwani, wa tatu akasema pua hizi ni za Wamisri wenyewe. Wakagombana mpaka mfalme akachoka. Akasimama mbele ya madhabahu, kasisi mkuu akisikia, akaapa: "Atakayeniambia hawa ni nani, kigoda ni chake, akifanyie apendavyo, nami sitamzuia. Baada ya Pasaka nakitoa mkononi mwangu."

Mena alikuwa hapo mjini akitengeneza mlango wa kanisa. Akaomba akishike. Akapitisha kidole kwenye nyuso, kwenye miguu, kwenye nywele, kwenye kamba. Akarudia, akafumba macho, akarudia tena.

"Bwana wangu," alisema, "msizitazame nyuso. Nyuso tatu hizi ni uso mmoja. Fundi mkubwa amezichonga kwa mazoea, patasi pana, haraka haraka, kama mtu anayechonga miguu ya viti. Pua mnazozigombania si za mtu yeyote. Lakini nywele na kamba ni za mkono mwingine. Huyu alitumia kisu chembamba, akakata unywele mmoja mmoja. Hakuwa na mazoea. Alikuwa na kumbukumbu. Aliwajua hawa watu. Mkitaka kujua ni nani, tazameni nywele na kamba."

"Basi tuambie wewe, nywele zinasemaje?"

"Mimi sijui nywele, bwana wangu. Nina upara tangu ujana." Wazee wakacheka. "Lakini kijijini kwetu yuko msusi, na yuko msokota kamba."

Kapopi na Tapara wakaitwa. Walisafiri siku mbili kwa punda, njia moja, na maneno waliyosemezana hayakujaza kiganja. Tangu siku ile ya kamba, Kapopi hakumwamkia Tapara. Siku ya pili Tapara alimpa maji, akayapokea, akanywa, akamrudishia kibuyu bila kumtazama.

"Mama Mikaili," Tapara alisema.

"Usilitaje jina hilo."

Tapara akakifunga kibuyu, akaswaga punda.

Barazani Kapopi alipewa kigoda mkononi. Akakigeuza hivi na hivi, asione kitu. Wazee wakaanza kunong'ona. Mwishoni akasema kwa aibu, "Sioni, mabwana. Sijazoea kuwatazama watu hivi. Kiwekwe chini. Nami nipewe kiti, nikae juu yake."

"Kiti gani?" kasisi mkuu aliuliza.

Mahali pa kigoda palikuwa mbele ya kiti kimoja tu, kiti cha mfalme.

"Mwanamke huyu anataka kiti cha enzi!" mzee mmoja alisema. "Kesho ataomba taji!"

Lakini mfalme alikuwa na hamu ya kujua, akainuka, akampisha. Kapopi akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha mfalme, kigoda kati ya miguu yake, akainama. Na mara moja akawa kazini mwake. Visogo vitatu vilikuwa kati ya magoti yake. Vidole vyake vikashuka vyenyewe juu ya mpingo, vikafuata mistari, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka nyuma ya sikio la kushoto. Hapo mistari ilikoma. Hapo palikuwa na kishungi wazi. Akagusa kichwa cha pili, kishungi wazi. Cha tatu, kishungi wazi.

Aliwajua. Hawakuwa watu wa baharini wala wa jangwani. Walikuwa watu wa kwao, na walikuwa na msiba. Lakini alijua pia kwamba akisema neno moja juu ya kishungi, maneno yatafika kwenye siku ya kukifunga, na katika watu waliosimama pale walikuwamo waliomjua Mikaili. Aibu ikampanda kifuani kama maji.

"Ni wageni, bwana wangu," alisema. "Siwajui."

Mena akamtazama. Tapara akatazama chini.

Mfalme akaridhika. Akarudi kitini pake, akamwita mpiga mbiu ajaribu sauti. Mpiga mbiu akajaza kifua: "Tazameni! Mfalme anawakanyaga wageni wa mbali, ambao hata majina yao yamesahauliwa!" Naye mfalme akainua mguu wa kuume, akaushusha polepole juu ya kichwa cha katikati, na kidole chake gumba kikatua palepale nyuma ya sikio la kushoto.

"Toa mguu!" Kapopi alipiga kelele.

Hata nje walisikia.

"Toa mguu, baba yangu, ana msiba," Kapopi alisema, na sasa alikuwa amepiga magoti. "Nimekudanganya. Mungu anisamehe na wewe unisamehe. Hawa ni wetu. Ni vijana wa kwetu, wana kishungi, wamefiwa, arobaini yao haijatimia. Hakuna watu wengine chini ya mbingu wanaosuka hivyo. Walichukuliwa wakiwa na msiba."

Mfalme akatoa mguu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Basi ni Wamisri waliowatendea hivyo," alisema upesi, kama mtu anayetafuta pa kushika. "Wafalme wa Misri hawakuijua desturi yetu."

Hapo Tapara alikuwa bado hajaulizwa. Angeweza kunyamaza. Neno la mfalme lilikuwa limekwisha kupendeza watu, na wazee walikuwa wakiitikia kwa vichwa, wakisema ndiyo, ni Wamisri, ni Wamisri. Tapara akasogea, akachuchumaa mbele ya kigoda, akaweka kidole kwenye kiwiko cha mmoja wao.

"Bwana wangu, adui akimfunga mtu, hukata kamba mahali popote, na ncha hubaki nje. Ncha ya kamba ya mtende ni kama mwiba. Inachoma. Nani anajali? Ni mateka." Akasogeza kidole. "Fundo hili limezungushwa mara mbili, na ncha imerudishwa ndani, chini, isichome ngozi. Hivi tunafunga sisi. Babu yangu alinifundisha kwa ng'ombe tunapowavusha mto. Nyumba yetu peke yake ndiyo inayofunga hivi. Bwana wangu, waliowafunga hawa si Wamisri. Ni sisi. Watu wetu waliwakamata wenzao, wakawapeleka kwa Wamisri. Na aliyefunga ni babu wa babu zangu."

Akakiondoa kidole, akasema, "Siku zote nilidhani kuirudisha ncha ndani ni huruma."

Kapopi akasikia tena sauti ya Mikaili: Mama, haichomi. Akajifunika uso kwa shuka yake.

Mfalme alivuta miguu yake yote miwili, akaificha chini ya joho lake, kama mtoto aliyekutwa na viatu vya matope ndani ya nyumba. Kisha akasema, "Wageni wa Pasaka wasikione kitu hiki. Nimekwisha kujua ni nani. Niliapa. Nani kati yenu ameniambia?"

"Nipe mimi," Tapara alisema, "nikichome leo. Mimi nina watoto sita. Sitaki mtoto wangu apite njiani watu wamnyooshee kidole kwa fundo la babu yake. Hawa wawili wamesema ya watu wengine. Mimi nimesema ya nyumba yangu, na sikulazimishwa. Bila mimi mngekwenda nyumbani mkiwalaumu Wamisri."

"Bila mimi mngekuwa bado mnatazama pua," Mena alisema. "Nipe mimi, bwana wangu. Nitakisimamisha mlangoni mwa baraza lako, visogo vikitazama nje, kila anayeingia avione, na kila mtumishi anayekwenda kuchukua vijana avipite kwanza. Aliyezichonga nywele hizi alikuwa mtumwa chini ya fimbo ya fundi mkubwa, akaweka ukweli mahali pekee alipoweza kuuweka. Tapara anataka kumziba yule mtu kinywa mara ya pili."

"Na watoto wangu?"

"Watoto wako watajifunza."

"Maneno mepesi, Mena. Fundo si lako."

Mena akamgeukia Kapopi, na sauti yake ilikuwa na ukali kidogo. "Na Mama Mikaili, usiombe. Wewe ulidanganya kwanza."

Kapopi akajifunua uso. Wote waliokuwapo walisema baadaye kwamba hakulia.

"Nilidanganya," alisema. "Sikudanganya kwa sababu sikuwajua. Nilidanganya kwa sababu niliwajua. Mikaili wangu alichukuliwa siku ya thelathini na tano. Nilikifunga mwenyewe, kwa mikono hii, apendeze harusini. Kasisi wangu hajui. Dada yangu hajui. Tapara alimfunga mikono, lakini kwanza mimi nilimfunga kichwa. Sasa mmejua."

Tapara akamwambia polepole, "Mama Mikaili, tazama hapa. Na hawa vishungi vyao vilikuwa wazi. Walichukuliwa vivyo hivyo."

"Mama zao waliwaachia," Kapopi alijibu. "Mimi sikumwachia."

Kapopi akaendelea, "Nina kaburi tupu, bwana wangu. Nimelifagia mwaka mzima. Hawa watatu hawakuzikwa na mtu, hawakumaliza arobaini yao, wamelala kifudifudi tangu dunia ya zamani ile. Nipe niwapeleke kwetu. Nitawaweka ubavuni mwa mume wangu, kasisi atawasomea, nitawahesabia siku arobaini, zote, hata moja haitapungua. Najua hamna mwanangu ndani ya mti huu. Lakini mkono wangu umegusa pale nyuma ya sikio, na sitaki mguu mwingine uguse pale, wala macho, wala moto."

Mena akasema, "Ukikizika, nani atajua tena?"

Tapara akasema, "Ukikizika, mtu atakichimba. Hicho kilikuwa kimekwisha kuzikwa, na bado tumekipata."

Kapopi akasema, "Hilo ni la Mungu."

Basi kigoda kikabaki katikati yao sakafuni, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Mfalme akainuka, peku, akasema anakwenda kusali, akitoka atatoa neno. Wapo wanaosema alisali mpaka Pasaka ikapita. Mimi sijui alichokisema. Walionisimulia wao pia walikomea hapo.

Kwa hiyo nawageukia ninyi. Kigoda ni kimoja na hakigawanyiki. Mena ndiye aliyewaambia watu watazame wapi. Akipewa yeye, kitasimama mlangoni na wote watakumbuka, na watoto wa Tapara watapita hapo kila siku. Tapara alisema jambo ambalo hakuulizwa, juu ya nyumba yake mwenyewe. Kikiwa chake, kitakuwa majivu kabla ya jua kuzama, na yule mtumwa mwenye kisu chembamba atanyamaza milele. Kapopi aliwatambua wale vijana, kwanza akawakana, kisha akawakiri, na kukiri kwake kukamvua nguo mbele ya watu. Kwake kitaingia udongoni, na kaburi moja halitakuwa tupu tena.

Ungekuwa wewe ndiye mfalme, miguu yako ikiwa bado na baridi ya ule mpingo, ungempa nani? Usinijibu haraka. Kwanza pitisha mkono wako nyuma ya sikio la kushoto, umkumbuke aliyekusuka, au aliyekunyoa, au aliyekupapasa hapo ulipokuwa mdogo. Kisha useme.